Chini ya Kiwango cha Nani?

Yeyote aliyewahi kupimwa damu katika hospitali zetu anaijua karatasi ile inayotoka maabara. Upande mmoja mna majina ya vitu vilivyohesabiwa, katikati mna hesabu yenyewe, na pembeni mna tarakimu mbili zinazosemekana kuwa mpaka wa chini na mpaka wa juu wa hali ya kawaida. Hesabu yako ikiangukia nje ya mipaka hiyo, mashine hutia alama, na alama hiyo huweza kukukosesha usingizi kwa majuma mengi. Wengi wetu huitazama karatasi hiyo jinsi mshtakiwa anavyomtazama hakimu. Ni wachache mno wanaouliza: je, mipaka hii iliwekwa na nani, na kwa kupima damu ya nani?

Leo nakusudia kuliuliza swali hilo, na kulijibu kadiri sayansi inavyoniruhusu. Nawaandikia hasa walimu na wanafunzi wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati, kwa kuwa jibu lake linaanzia ndani ya mifupa yetu wenyewe, na pia kwa kuwa sehemu muhimu za kisa hiki zilitokea karibu nasi, huko Gilgil na huko Kericho, ingawa ni nadra kuzisikia zikitajwa darasani.

Na tuanze pale damu inapoanzia. Wengi wetu huujua uboho kama kitu cha kunyonywa mfupani baada ya nyama ya mbuzi kwisha. Kumbe uboho huo ndio kiwanda cha damu. Katika mtu mzima, kazi hiyo hufanyika zaidi katika mifupa ya nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Humo mna seli chache ziitwazo seli shina, na kutokana na hizo huzaliwa damu yote: chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, vipande vidogo vinavyogandisha damu tunapojikata, na chembe nyeupe za namna mbalimbali zinazotukinga na maradhi. Miongoni mwa chembe nyeupe, aina iliyo nyingi zaidi kwa kawaida ni nyutrofili. Hao ni askari wa mstari wa mbele, wanaowahi kufika mahali penye jeraha au bakteria. Uboho wa mtu mzima hutoa takriban nyutrofili bilioni mia moja kila siku, nao wakishaingia katika damu huzunguka humo kwa muda mfupi tu kabla ya kuhamia kwenye nyama na viungo vya mwili. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, na hapana chombo kinachoundwa kwa ustadi kuushinda huu.

Sasa hapa pana fumbo ambalo kila mwanafunzi wa biolojia anapaswa kulitafakari. Chembe nyeupe na chembe nyekundu zina mama mmoja. Zote hurithi maandishi yale yale ya DNA, yenye jeni zipatazo 20,000 za kuunda protini. Ni kweli kwamba limfosaiti, chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, hukata na kuunga upya baadhi ya jeni zake, lakini hilo ni jambo la pembeni. Kwa jumla, seli zote za uboho zimebeba kitabu kimoja. Basi imekuwaje ndugu wa tumbo moja, waliosomeshwa kitabu kimoja, mmoja akawa mchukuzi wa oksijeni na mwingine akawa askari?

Jibu ni kwamba kuwa na kitabu si sawa na kukisoma. Fikiria shule yenye maktaba moja kubwa. Mwanafunzi wa Jiografia hufungua vitabu vyake na kuacha vya Kemia vifungwe, na wa Kemia hufanya vivyo hivyo kwa upande wake. Vitabu vyote vimo, lakini si vyote vinavyosomwa. Ndivyo ilivyo katika seli. Jeni inaposomwa, nakala yake huandikwa, na kutokana na nakala hiyo protini huundwa. Hapo husemwa kwamba jeni imejidhihirisha. Isiposomwa hukaa kimya, kana kwamba haipo. Seli inayoelekea kuwa nyutrofili huamsha jeni za kiaskari na kuzinyamazisha nyingine, na kazi hiyo hufuata ratiba. Katika hatua za mwanzo huamshwa jeni za sumu kali za kuulia bakteria, na sumu hizo huwekwa katika vifuko vya kwanza. Jeni hizo zikishanyamaza, huamshwa nyingine za silaha za namna tofauti, nazo hutiwa katika vifuko vya pili. Kila kifuko hupata yale yaliyokuwa yakiundwa saa ile. Mwalimu anayeijua ratiba ya vipindi hatashindwa kuieleza hali hii.

Ni nani basi mwenye funguo za maktaba hiyo? Ni protini maalumu ambazo nitaziita protini za uongozi. Kila moja hulitambua neno fupi la DNA lililo karibu na mwanzo wa jeni, hulishika, na kwa kulishika huifanya jeni ile isomwe au isisomwe. Mojawapo huitwa GATA-1, na jina lenyewe linatokana na herufi za DNA inazozitafuta: G, A, T, A. Hiyo ndiyo kiongozi mkuu wa njia ya chembe nyekundu. Nyingine, iitwayo PU.1, huongoza njia ya chembe nyeupe. Nguvu za viongozi hawa si za kukisia. Mwaka 2004, Thomas Graf na wenzake huko New York walichukua limfosaiti za panya zilizokwisha kukomaa, wakazitia kwa nguvu protini ya uongozi ya aina nyingine, nazo zikaacha kazi ya kutengeneza kingamwili zikawa makrofeji, yaani seli zinazomeza bakteria. Kitabu hakikubadilishwa hata herufi moja. Kilichobadilika ni msomaji.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu bila kulielewa hatutafahamu kwa nini Mkenya mwenye afya tele huweza kuambiwa kwamba damu yake ina upungufu.

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1940 palikuwa na kijana mmoja, Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekulia katika shamba la wazazi wake huko Gilgil. Alikwenda kusomea udaktari Oxford, na mwaka 1949 akarudi Kenya pamoja na msafara wa kisayansi, akakusanya sampuli za damu kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba watu waliobeba jeni moja ya selimundu walikuwa wengi sana pwani na kando ya Ziwa Viktoria, hata katika baadhi ya jamii wakazidi asilimia 20, ilhali katika nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia moja. Kijana wa Gilgil akajiuliza ni kitu gani kinachozitenga pwani na ziwa kutoka kwa nyanda za juu, na jibu likamjia: malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba jeni hiyo, ikirithiwa kutoka kwa mzazi mmoja tu, humkinga mtoto na malaria kali. Huo ulikuwa mojawapo ya mifano ya kwanza kuthibitishwa kwa binadamu ya jinsi maradhi yanavyochagua jeni zitakazodumu katika kizazi.

Selimundu hutokana na kosa ndani ya jeni yenyewe, yaani neno moja la kitabu limeandikwa visivyo, na protini inayotoka ina ulemavu. Lakini malaria imeacha alama nyingine katika damu ya Mwafrika, na alama hiyo haimo ndani ya kitabu. Imo kwenye kitasa cha mlango.

Mwaka 1950, wataalamu wa London walielezea kundi jipya la damu walilolitambua kwa mgonjwa aliyeitwa Duffy, na kundi hilo likapewa jina lake. Mwaka 1968 jeni ya Duffy ikajulikana kuwa katika kromosomu ya kwanza. Baadaye Louis Miller na wenzake wakaonyesha, katika mwaka 1976, kwamba watu ambao chembe zao nyekundu hazina alama ya Duffy hawakushikwa na malaria ya aina ya vivax, kwa kuwa kijidudu chake huitumia alama hiyo kama mlango wa kuingilia. Idadi kubwa mno ya watu wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara hawana alama hiyo katika chembe nyekundu, na wengi huamini kuwa hiyo ndiyo sababu ya vivax kuwa adimu kwetu, ilhali Ethiopia, ambako wenye alama ya Duffy ni wengi zaidi, vivax ni tatizo kubwa. Uchunguzi wa baadaye, kama ule uliotoka Madagaska mwaka 2010, ulionyesha kwamba kinga hiyo si kamili. Hata hivyo msingi wa jambo ulibaki pale pale.

Ajabu ilikuwa hii: watu hawa wanayo jeni ya Duffy, nayo haina kasoro. Katika kuta za mishipa yao midogo ya damu, jeni hiyo husomwa na alama huonekana. Ni katika chembe nyekundu tu ndimo inamokaa kimya. Sababu ilipatikana Paris mwaka 1995. Mbele ya jeni hiyo pana neno ambalo GATA-1 hulishika ili jeni isomwe katika njia ya chembe nyekundu. Kwa watu wasio na alama, herufi moja ya neno hilo imebadilika. Palipokuwa na T sasa pana C. GATA-1 hufika mlangoni na kukuta kitasa kimebadilishwa. Katika mishipa ya damu, ambako mlango hufunguliwa kwa ufunguo mwingine, hapana kilichoharibika. Mwalimu anayetafuta mfano wa jeni kuwapo bila kujidhihirisha hahitaji kwenda mbali, kwani mfano huo umo katika uboho wa wanafunzi wengi walioketi mbele yake.

Na hapa ndipo chembe nyeupe zinaporejea. Tangu zamani madaktari wa Afrika Mashariki na kwingineko waliona kwamba Waafrika wengi wenye afya wana nyutrofili wachache katika damu kuliko Wazungu. Mwaka 1971 A. G. Shaper, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika chuo cha Makerere, alichapisha pamoja na mwenzake Lewis makala katika jarida la Lancet wakisema kwamba hali hiyo ni ya urithi. Wengine hawakukubali, wakatafuta sababu nyingine nje ya urithi. Ubishi huo ulitulizwa mwaka 2009, wakati uchunguzi wa maelfu ya Wamarekani wenye asili ya Afrika, ulioongozwa na David Reich, ulipoonyesha kwamba chanzo kikubwa ni herufi ile ile moja iliyo kwenye kitasa cha jeni ya Duffy.

Inawezekanaje alama inayokosekana kwenye chembe nyekundu ipunguze chembe nyeupe? Mwaka 2017 watafiti walitoa maelezo yanayovutia. Ndani ya uboho, chembe nyekundu changa, zile ambazo bado zina kiini, hukaa bega kwa bega na seli shina. Alama ya Duffy juu ya chembe hizo hushika ishara za kemikali ambazo seli hutumiana. Alama hiyo isipokuwapo, mazungumzo ya ndani ya uboho hubadilika, na nyutrofili wanaozaliwa huwa na sura iliyo tofauti kidogo, wakawa wepesi wa kutoka kwenye damu na kwenda kwenye viungo. Kwa maneno mengine, askari hawajapungua kambini. Wengi wao wako doria, na anayehesabu wale wanaopita barabarani tu atadhani jeshi limekwisha. Uboho wa watu hawa umekutwa kuwa mzima, na hapana ushahidi kwamba wao huambukizwa maradhi zaidi ya wengine kwa sababu ya hali hii.

Lakini mashine ya maabara haijui habari za doria. Katika vitabu vingi vya Ulaya na Marekani, mpaka wa chini wa nyutrofili ni 1,500 katika kila maikrolita ya damu, na mahali pengine hata zaidi ya hapo. Mtu mwenye 1,200 hutiwa alama, na hapo masaibu yake huanza.

Nitatoa mfano mmoja ninaoujua. Kijana wa jirani yangu alipimwa damu ili atimize masharti ya masomo aliyoyaombea. Akaambiwa chembe zake nyeupe ni chache. Alipimwa tena baada ya mwezi, na tena baada ya mwezi mwingine. Akapimwa virusi vya UKIMWI mara mbili ingawa matokeo ya kwanza yalikuwa safi. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo havihusiani kabisa na nyutrofili. Na hatimaye pakazungumzwa habari ya kumchoma sindano ya nyonga ili uboho wake uchunguzwe. Mama yake aliuza mtamba ili kugharimia safari hizo. Majirani nao hawakukaa kimya, na sote tunajua ni ugonjwa gani watu hufikiria wanaposikia kwamba kijana ana upungufu wa kinga. Daktari mmoja mwenye busara ndiye aliyemaliza jambo kwa swali jepesi: je, mama na ndugu za kijana huyu wamewahi kupimwa? Walipopimwa, hesabu zao zilifanana na yake. Familia nzima ilikuwa chini ya kiwango, na familia nzima ilikuwa na afya.

Mtu atasema kwamba huo ni usumbufu tu, na umepita. La, hasha. Kuna mahali ambapo tarakimu hii huamua mambo mazito. Wagonjwa wa saratani hupewa dawa zinazopunguza chembe nyeupe, na daktari huahirisha au hupunguza dawa pale hesabu inaposhuka. Yule ambaye hesabu yake ilikuwa ya chini tangu kuzaliwa huweza kupewa dawa pungufu ya ile inayomfaa. Kadhalika iko dawa iitwayo klozapini, inayosaidia watu wenye maradhi ya akili ambao dawa nyingine zimewashinda. Dawa hiyo huweza kuangamiza nyutrofili kwa watu wachache, na huko Finland mwaka 1975 wagonjwa wanane walifariki kwa sababu hiyo, kwa hivyo hadhari ni ya lazima. Lakini kwa miaka mingi Weusi wengi walinyimwa au kusimamishiwa klozapini kwa sababu tu mpaka uliotumika haukuwa wao. Ni mwaka 2015 ndipo Marekani ilipoweka mpaka wa chini zaidi kwa watu wenye hali hii. Tena yako majaribio ya chanjo na dawa mpya, ambamo mtu mwenye hesabu iliyo nje ya mipaka hukataliwa mlangoni. Matokeo yake ni kwamba dawa hujaribiwa bila sisi, kisha huletwa kwetu.

Kwa bahati njema, jambo hilo hilo la chanjo ndilo lililozaa dawa yake, tena karibu nasi. Ukitoka Nakuru ukapita Salgaa na Mau Summit unafika Kericho, nchi ya majani chai. Huko, watafiti waliokuwa wakijiandaa kwa majaribio ya chanjo ya UKIMWI waliona kwamba mipaka ya kigeni ingewakataa watu wengi wasio na ugonjwa wowote. Wakapima damu ya watu wazima zaidi ya elfu moja wenye afya kutoka mashamba ya Kericho, na mwaka 2008 wakachapisha mipaka inayotokana na damu hiyo. Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine uliohusisha zaidi ya watu 2,000 wenye afya katika nchi kadhaa za Mashariki na Kusini mwa Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulitoa habari zinazofanana: mipaka ya Marekani ingewahesabu wazima wengi kuwa na kasoro. Kwa hivyo hatuwezi kudai kwamba takwimu zetu hazipo. Zipo. Zilitoka katika mikono ya wachuma chai wetu waliokubali kuchomwa sindano, nasi tungekosa shukrani kuziacha zikae katika majarida huku mashine zetu zikiendelea kuhukumu kwa sheria za mbali.

Watu wa Njoro wataielewa hoja yangu upesi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Lord Delamere alipopanda ngano ya ng'ambo katika udongo wa Njoro, ugonjwa wa kutu uliiangamiza. Ilibidi mbegu zizalishwe na kujaribiwa papa hapa, na kituo cha utafiti wa ngano kikaanzishwa Njoro mwaka 1927. Tangu mwaka 2005, maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi zimeletwa Njoro ili zijaribiwe dhidi ya kutu mpya iliyoonekana kwanza Uganda. Ikiwa tulijifunza kwamba mbegu ya kigeni haifai mpaka ijaribiwe hapa, tutakosaje kuona kwamba na kipimo cha kigeni ni vivyo hivyo? Nguo ya kuazima haisitiri.

Hata hivyo sharti niweke onyo, na naomba lisomwe kwa makini kama lilivyosomwa lile la awali. Si kila upungufu wa chembe nyeupe ni wa heri. Virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, baadhi ya dawa, ukosefu wa vitamini na saratani ya damu yenyewe vyote huweza kupunguza nyutrofili. Hesabu iliyokuwa nzuri jana ikaporomoka leo si hali ya urithi. Hesabu ya chini pamoja na homa, vidonda vya kinywa visivyopona au kukonda ni jambo la kumwona daktari bila kuchelewa. Hali ninayoieleza mimi hutambulikana kwa utulivu wake: mtu hana dalili, hesabu yake hubaki pale pale mwaka baada ya mwaka, na ndugu zake wako kama yeye. Wala pasiwe na mwanafunzi atakayeichukua makala haya akamwambia mamake kwamba hospitali haina maana. Ninachodai ni kwamba hospitali ipime kwa mizani iliyo sawa.

Onyo la pili ni la kijamii. Madaktari wa Kizungu waliipa hali hii jina lenye maana ya upungufu usio na madhara wa kikabila. Hebu lipime jina hilo. Hali waliyo nayo watu wengi mno wa bara zima imeitwa upungufu, na tofauti iliyoletwa na herufi moja ya DNA imebandikwa kabila. Katika miaka ya hivi karibuni wataalamu wameanza kuliacha jina hilo na kuitaja hali kwa chanzo chake, yaani Duffy. Wamefanya vyema. Sisi wa Nakuru, tulioyaona ya Januari 2008, tunajua vizuri jinsi maneno ya damu na kabila yanavyoweza kugeuzwa mapanga. Kitasa cha Duffy hakijui mpaka wa kata wala lugha ya nyumbani. Katika darasa moja la jiji hili, lililojaa watoto wa Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo, wengi wao hubeba herufi ile ile moja, na mwenye kuibeba na asiyeibeba huweza kuwa watoto wa mama mmoja. Ikiwa damu ina lolote la kutufundisha kuhusu makabila yetu, ni kwamba mbu hakuwahi kuwatambua.

Nini basi kifanyike? Kwanza, maabara za kaunti zetu zichapishe katika karatasi za matokeo mipaka iliyotokana na watu wa hapa, na pale mipaka ya kigeni inapotumika, karatasi iseme wazi. Hilo halihitaji mashine mpya. Mashine zilizopo huweza kuwekewa mipaka mingine. Pili, vyuo vinavyofundisha madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara, Chuo Kikuu cha Egerton kikiwa mojawapo, viwafundishe wanafunzi wao takwimu za Kericho kwa bidii ile ile wanayowafundishia vitabu vya London. Tatu, na hili ni letu sisi walimu, tuunganishe yale ambayo mtaala uliyatenga. Katika mfumo wa 8-4-4, damu ilifundishwa Kidato cha Pili na urithi ukafundishwa Kidato cha Nne, na mwanafunzi alipofikia jeni alikuwa amekwisha kusahau nyutrofili. Alikariri majina ya chembe nyeupe na alikariri sheria za Mendel, lakini hakuonyeshwa kwamba mambo hayo mawili hukutana ndani ya mfupa wa nyonga yake. Mtaala wa umilisi unadai kwamba mwanafunzi ayatumie anayoyajifunza katika maisha yake. Hapa pana somo lililo tayari, lenye Gilgil, Kericho na damu yake mwenyewe ndani yake.

Nanyi wanafunzi, nawaachia zoezi lisilo na alama. Siku mtakapopewa karatasi ya maabara, yenu au ya mzazi, someni tarakimu iliyo katikati, kisha mwinue macho mtazame ile mipaka ya pembeni. Mwulizeni daktari kwa adabu: mipaka hii ilitokana na watu gani? Akijua, mtakuwa mmejifunza. Asipojua, huenda akaenda kutafuta, na mgonjwa atakayemfuata atakuwa amefaidika kwa swali lenu.